Wakwe Waliokula Vyenye Maganda

Stephania alikuwa akipika kando ya stesheni ya Kigoma tangu kabla ya Uhuru. Alianza na sufuria moja na mafiga matatu chini ya ukuta wa ghala, akiwauzia wapagazi ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka kwa mawese. Ilipofika miaka ya Azimio la Arusha, yeye na wanawake wenzake walikuwa na banda la bati lililoitwa mgahawa wa ushirika, lenye mabenchi marefu na ubao mlangoni ulioandikwa vyakula ambavyo mara nyingi havikuwapo.

Kazi hiyo ilimfanya awe mtu wa kwanza wa Kigoma ambaye wageni wengi walizungumza naye. Abiria walishuka kwenye treni miguu imevimba, nywele zimejaa vumbi la njia nzima, wakaja moja kwa moja bandani. Watumishi wa serikali waliohamishwa kutoka Pwani au Kaskazini aliwatambua upesi. Walikaa pembeni, mizigo wameibana kwa miguu, wakaagiza chai ya rangi, na kabla ya kuinywa walichungulia ndani ya kikombe. Kisha waliuliza. Wengine walisema, "Mama, hapa usiku kukoje?" Wengine walisema, "Eti ni kweli huku ukigombana na jirani..." halafu wakaishia hapo hapo.

Miaka ya mwanzo aliwajibu kwa furaha. Aliwaambia kwamba mwanamke anaweza kutembea peke yake kutoka Ujiji hadi Kibirizi na kapu la samaki kichwani asiguswe na mtu. Ukisahau sufuria yako ufukweni, alisema, utaikuta imeoshwa. Waislamu na Wakristo wanazikana, na mtu hajawahi kufa njaa mahali ambapo ziwa lipo. Wageni waliitikia kwa kichwa, kisha wakaendelea kuchungulia vikombe vyao. Mwaka hadi mwaka majibu yake yakafupika. Mwishowe akawa anasema tu, "Ni mji kama miji mingine. Chai itapoa."

Baba yake Stephania alivuka kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, akiwa kijana, akafunga ndoa ya kanisani Ujiji na kuzikwa hapo hapo. Stephania mwenyewe aliolewa na Martini, mtu wa bandarini, mrefu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau. Walikaa kwanza Kasingirima, wakapata watoto wawili, Selestini na Marcelina. Selestini alifariki akiwa mdogo. Baada ya mazishi wakahamia Kibirizi, na kwa nini walihama hawakumwambia mtu.

Marcelina alisoma mpaka akawa mwalimu. Alikuwa chuoni Iringa alipokutana na Bonifasi, kijana wa Songea aliyekuwa akisomea kilimo, na mwaka wa sabini na tano akaja nyumbani na habari kwamba ndugu wa Bonifasi wanataka kuja kuposa. Baba yake kijana hakuwa hai. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mjomba, Mzee Leodgar, mwenyekiti wa kijiji cha Ujamaa huko kwao, na angekuja na dada yake, Mama Verediana, mama mzazi wa Bonifasi.

"Waje," Martini alisema. "Nyumba ipo."

Stephania alikwenda kufungua debe la unga. Alikuwa anafikiria watakula nini.

Ulikuwa mwaka mgumu kuwa na wageni. Mvua zilikuwa zimekosekana sehemu kubwa ya nchi, na dukani unga uliopatikana kwa foleni ulikuwa ule wa njano, ambao watu wa Kigoma waliula wakikunja uso. Vijijini watu waliohamishwa kwenda kwenye makazi mapya walikuwa bado hawajavuna mihogo ya kutosha, kwa hiyo hata muhogo haukuingia mjini kama zamani. Juu ya hayo, watu wenye silaha walikuwa wamevuka ziwa kutoka ng'ambo na kuteka wageni waliokuwa wakiishi ufukweni, kaskazini ya mji. Redio ilisema, magazeti yakaandika, na askari wakajaa kando ya maji. Wavuvi waliambiwa wasiende mbali kwa muda. Bila kwenda mbali na taa zao, dagaa hakuna.

Rafiki yake Stephania, Mwamvua, mwanamke wa Ujiji aliyeuza samaki mwaloni, mitumbwi inapofikia, pale Kibirizi, alikuja kukaa naye barazani jioni moja, mikono mitupu.

"Wakwe zako wamechagua wakati," alisema.

"Hawakuchagua. Likizo ndiyo imeangukia hapa."

"Watafikiri siku zote tuko hivi. Askari kila kona, samaki hakuna, unga wa njano."

"Watakavyofikiri wamekwisha fikiri," Stephania alisema. "Ningepata samaki wa heshima, kuhe wawili tu, ningeshukuru."

Mwamvua alikwenda Bangwe kwa binamu yake, na siku ya treni akaleta kuhe wawili wamefungwa kwa majani, wakubwa, macho bado yanang'aa. Hakutaka kuambiwa asante. Stephania akatoa mawese aliyokuwa ameyatunza na muhogo aliokuwa ameuficha, akatwanga sombe, yaani majani ya muhogo, mpaka mkono ukamuuma. Marcelina alimkuta jikoni.

"Mama, huwezi kupika wali?"

"Mchele uko wapi?"

"Au usiweke mawese. Watu wa kule hawajazoea. Wataona ile rangi nyekundu..."

Stephania akamtazama bintiye, aliyelelewa kwa mawese yale yale, na Marcelina akageuza macho akaanza kupanga sahani.

Mzee Leodgar alishuka kwenye treni akiwa amevaa koti zito lisilofaa joto la Kigoma. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti ya mikutano. Dada yake, Mama Verediana, alikuwa mnene, mpole, amechoka sana, na mkononi alikuwa na kapu lililofunikwa kwa kitambaa ambalo hakumpa mtu yeyote amsaidie. Wakasalimiana, wakapokewa mizigo mingine, wakaenda nyumbani. Njiani walipishana na askari, na Mzee Leodgar akauliza kwa sauti ya chini kama wale watu wa ng'ambo bado wanakuja.

"Hawaji," Martini alisema. "Na hata wakija hawawatafuti watu wa Songea."

Chakula kiliandaliwa. Kuhe walikaa katikati ya meza wakiwa wazima, mchuzi unang'aa pembeni yao. Martini alisali. Mzee Leodgar alinawa mikono, akaifuta polepole, kisha akasema safari imewashibisha, wasamehewe. Mama Verediana akasema na yeye tumbo limejaa upepo wa treni. Wakainuka. Baada ya muda mfupi, kutoka chumba walichopewa, ilisikika karatasi ikifunuliwa, na harufu ya maandazi ya zamani ikatoka chini ya mlango.

Martini aliwala kuhe karibu wote peke yake, kwa hasira, bila kuinua kichwa.

Kesho yake asubuhi Mama Verediana alimjia Stephania uani, akaanza na salamu ndefu za nyumbani na za watoto. Halafu akasema kama kuna mayai wangependa mayai ya kuchemsha, yasimenywe, watamenya wenyewe. Na kama kuna ndizi mbivu.

"Mayai yapo," Stephania alisema. "Ndizi pia."

Alikuwa amekwisha elewa. Kwa miaka yote ya mgahawa alikuwa amewaona watumishi wapya wakiishi hivyo wiki zao za kwanza, kwa mayai, ndizi, machungwa na karanga za kwenye ganda, vitu ambavyo mkono wa mtu hauwezi kutia kitu ndani. Wengine walizoea baadaye, wakaoa hapa, wakanenepa kwa migebuka. Wengine walikula mayai mpaka walipopata uhamisho. Aliyachemsha yale mayai, akayapeleka kwenye sahani safi, akarudi jikoni.

Martini alimfuata. "Wamekuja kuomba mtoto kwangu, na hawawezi kula chakula changu? Nitawaambia warudi."

"Usiwaambie."

"Kwa nini nisiwaambie?"

"Kwa sababu mtoto anampenda yule kijana. Na kwa sababu nimechoka, Martini. Wangekuwa wengine ingekuwa vile vile."

Mazungumzo ya posa yalifanyika alasiri hiyo, na yalikwenda vizuri kuliko ilivyotazamiwa, kwa kuwa Mzee Leodgar alijua kuzungumza na Martini alijua kunyamaza akikatazwa na mkewe. Mahari ilikubaliwa. Jambo moja tu Mzee Leodgar alilishikilia: harusi ifungwe Songea. Alipoulizwa sababu alisema ndugu wa upande wao ni wengi na nauli ni shida. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli pia, akaongeza, "Na tusidanganyane, mzee mwenzangu. Ndugu zangu hawatakuja huku. Mimi mwenyewe niliombewa kabla ya kuondoka."

Marcelina, aliyekuwa nyuma ya pazia, alisikia.

Usiku ule Mama Verediana akapata homa. Asubuhi alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, hajui hata siku. Kwao ni nyanda za juu, mbu si wengi, na damu yake haikuwa na mazoea. Walimpeleka hospitali, akachomwa sindano ya malaria, wakaambiwa wakae naye nyumbani wamrudishe kila siku kwa sindano nyingine. Mzee Leodgar alisimama mlangoni mwa chumba bila kuingia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Hajala kitu chenu," alisema, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. "Hajala chochote."

"Ni malaria, baba," Marcelina alisema. "Daktari ameona kwenye damu."

"Nimesikia."

Treni ilikuwa inaondoka kesho yake. Wote walidhani atangoja. Lakini asubuhi alitoka amevaa koti lake, mfuko mkononi, akasema kijijini kuna mkutano wa mavuno ambao hauwezi kufanyika bila mwenyekiti, na dada yake atamfuata akipata nafuu. Alimshika Stephania mikono yote miwili. "Namwacha kwako," alisema, na macho yake yalikuwa yanaogopa kweli, na yalikuwa na aibu pia.

Martini alimsindikiza stesheni. Aliporudi akasema, "Ameuacha mwili wa dada yake katika nyumba ya wachawi, akaokoa koti," na hakucheka.

Kwa hiyo Stephania akamuuguza mama mkwe wa binti yake. Alimwosha, akamgeuza, akampeleka hospitali akiwa ameegemea bega lake, akamrudisha. Mgahawani wenzake walimshikia zamu. Mwanzoni Mama Verediana aliukataa uji kwa kubana midomo, hata akiwa hajui anachokataa. Stephania akaonja kijiko kimoja mbele yake, akameza, akampa. Akaonja tena, akampa. Walimaliza bakuli hivyo, nusu kwa nusu, na Stephania ndiye aliyeshiba.

Homa ilipokatika, mgonjwa akawa anakaa uani kwenye mkeka, uso umekonda, akiwatazama wanawake wakipita na makapu yao. Jirani wa Kiha alipita akasalimu, "Mwakeye?" naye akajaribu kuitika kwa neno hilo hilo, wakacheka. Ziwa lilikuwa limefunguliwa tena kidogo. Mwamvua alileta dagaa wabichi kiganjani tu, kwa ajili ya mgonjwa, na Stephania akawapika kwa nyanya na mawese kidogo sana. Mama Verediana aliwatazama kwa muda, kisha akala.

"Kwetu tuna mbasa wa Ziwa Nyasa," alisema. "Hawa ni watamu kuwashinda. Usimwambie kaka yangu."

Wakakaa. Halafu akauliza, bila kumtazama mwenzake, "Mama Marcelina, hebu niambie wewe. Ni kweli?"

Stephania alijua anachoulizwa. Alikuwa ameulizwa mara nyingi kuliko nywele zake, na jibu la mgahawani lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mwanamke huyu alikuwa amekula.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa na mtoto wa kiume. Tumbo lilimvimba, hospitali wakasema ini. Watu wakasema jirani yangu. Mwanamke niliyekuwa nachota naye maji. Sikumshtaki, lakini sikumsalimu tena, nikamwambia mume wangu tuhame. Miaka miwili baadaye na yule jirani akafa, kwa tumbo hilo hilo."

Mama Verediana akasogeza sahani pembeni.

"Kwa hiyo hao wanaoshuka kwenye treni wananiuliza mimi, na mimi nawaambia hakuna kitu, ni mji kama miji mingine. Jioni nikienda nyumbani nakusanya kucha zangu nikizikata, nazitia motoni. Mama yangu alifanya hivyo. Kwenu hawafanyi?"

"Wanafanya," Mama Verediana alisema. "Mimi nafanya."

"Basi."

"Lakini kwetu hakuna mtu anayekuja kutuogopa."

"Kwenu reli haifiki," Stephania alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kwa uchovu, kama watu walioketi njiani na safari bado.

Mama Verediana aliondoka na treni ya wiki iliyofuata. Kapu lake safari hii lilikuwa na dagaa wakavu na chupa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi.

Harusi ilifungwa Songea. Martini alikwenda peke yake, maana nauli ya wawili haikupatikana, akarudi amekunywa na kulia njia nzima, akisema padri alikuwa mzuri na nyama ilikuwa nyingi. Marcelina akapangiwa shule huko huko. Stephania akaendelea na mgahawa. Kipindupindu kilipoingia mjini miaka michache baadaye, bwana afya alikuja kuufunga pamoja na migahawa mingine yote, na watu wa treni wakawa na sababu mpya ya kuchungulia vikombe. Ulipofunguliwa tena wanawake wawili hawakurudi. Yeye alirudi.

Marcelina alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Stephania alipata ruhusa na nauli, akaenda kumlea mzazi. Aliikuta nyumba nzuri ya mwalimu, ya bati, yenye bustani ya mboga. Bonifasi alimpokea kwa adabu, akambebea mizigo yake yote. Mama Verediana alikuwa ameshafika, amemaliza kuchemsha maji ya kumkanda mzazi, na alipomwona alimkumbatia kwa nguvu.

Siku ya pili walikuja walimu wenzake Marcelina kuona mtoto. Walikuwa wanawake wachangamfu, wamebeba unga na sabuni. Mmoja wao, mwalimu wa darasa la kwanza, alipiga goti kumwamkia Stephania.

"Shikamoo mama. Habari za Tabora?"

Stephania alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama bintiye. Marcelina alikuwa ameinamia mtoto, anamfunga nguo ambayo ilikuwa imekwisha fungwa.

"Marahaba," Stephania alisema.

"Safari ndefu. Na asali mwaka huu ipo? Mwalimu Marcelina anatuahidi kila siku asali ya kwao, haiji."

Mama Verediana, aliyekuwa anamimina chai, alisimamisha mkono. Walikuwa wanamtazama Stephania wote, kwa uso mwema, wanangoja jibu tu kama watu wanavyongoja jibu la salamu.

"Ipo," Stephania alisema. "Nyuki hawajambo. Safari nyingine nitaleta."

Wakanywa chai, wakamsifu mtoto, wakaondoka. Mlango ulipofungwa, Marcelina alianza kuzungumza kabla ya kuulizwa.

"Mwanzo nilisema kweli, mama. Nilipofika hapa nilimwambia mwalimu mmoja natoka Kigoma. Wiki hiyo nilipopewa zamu ya kuchemsha chai ya walimu, hakuna aliyekunywa. Hata mmoja. Nilimwaga birika zima. Halafu mtoto wa mwalimu mkuu akaugua." Alimsogeza mtoto begani. "Yule aliyejua alihamishwa. Wakaja wapya. Wakaniuliza, nikasema Tabora. Mambo yakaisha."

"Mume wako anajua?"

"Anajua. Ndani tunajua wote."

Stephania alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira, akaona haipo, labda Martini alikuwa ameimaliza yote siku ile ya kuhe. Alimchukua mtoto. Alikuwa mzito, mwenye afya, na alinuka maziwa.

"Umekula?" alimuuliza bintiye.

"Bado."

Alikwenda jikoni. Katika mzigo wake alikuwa na dagaa na mawese, na Mama Verediana alikwisha kuvitoa na kuwasha moto. Wakapika wakiwa wamefunga dirisha, ili harufu isifike kwa majirani. Wakala wote watatu huko huko jikoni, kwenye sahani moja, Marcelina kwa pupa kama mtoto, akilamba vidole vyekundu, na baadaye akavisugua kwa sabuni na majivu mpaka rangi ikatoka.

Alikaa Songea mpaka mtoto akatimiza arobaini. Kila mgeni aliyekuja alimpa habari za Tabora, mahali alipokuwa akipita tu usiku, dirishani. Alisema maembe ni mengi na joto si kali sana. Ilikuwa kazi rahisi kuliko ile ya mgahawani. Hakuna aliyembishia, na kila alichopika mbele yao kilikwisha.

Aliporudi Kigoma, Martini alimpokea stesheni.

"Mtoto wangu anaishije?"

"Anaishi vizuri," Stephania alisema. "Ana nyumba ya bati. Watu wa kule wanampenda."

"Nilikwambia. Na wanakusalimu, wale watu?"

"Wanasalimu sana."

Akamkabidhi mzigo, wakapanda polepole kuelekea Kibirizi. Nyuma yao abiria walikuwa bado wanashuka, na mmoja, kijana mwenye sanduku jipya la bati, alikuwa anauliza mgahawa uko wapi na kama una mayai.